Rasilimali huria za elimu ni nini, na mwalimu anajifunzaje hakimiliki kupitia hizo

Swali ninaloulizwa sana na walimu ni hili: kitabu kipo mtandaoni, nimekidanlodi bure, sasa kuna ubaya gani nikikitolea kopi darasa zima? Ubaya upo, maana bure na huria ni vitu viwili, na hapo ndo wengi tunapojikwaa.

Bure maana yake hukulipa, basi. Huria maana yake mwenye kazi ameshakupa ruhusa kwa maandishi kabla hata hujamuomba. Na ruhusa inahitajika kwa sababu kazi ikishaandikwa tu inakuwa na hakimiliki, hata kama haina ile alama ya c ndani ya duara na hata kama haijafikishwa ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kule Tanzania au KECOBO Kenya. Zile notsi ulizoandika jana usiku ukiwa umechoka nazo zina hakimiliki, yako au ya mwajiri wako, inategemea mkataba unasemaje. Sheria inatoa nafasi kiasi kwa ajili ya kufundishia, ila kiasi hicho sio kitabu kizima kupita steshenari.

Sasa rasilimali huria za elimu, kwa Kiingereza Open Educational Resources au kwa kifupi OER, ni vitabu, notsi, video, mazoezi, chochote cha kufundishia ambacho mwenyewe ameruhusu ubaki nacho, ukitumie, ukibadilishe, ukichanganye na kingine na ukisambaze. Jina hili lilizaliwa kwenye mkutano wa UNESCO Paris mwaka 2002, na mwisho wa mwaka huohuo zikatoka leseni za kwanza, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari, za shirika la Creative Commons (CC) ambazo ndo zinabeba OER nyingi mpaka leo. Afrika Kusini mwaka 2012 serikali ilichapa na kugawa shuleni vitabu vya hesabu na sayansi vya Siyavula vilivyo huria, kwa hiyo sio nadharia hii.

Herufi za leseni zinasomeka hivi: BY ni mtaje mtunzi, SA ni ukibadilisha toa kwa leseni ileile, NC ni usifanyie biashara, ND ni usibadilishe. Hiyo ND kwetu ni kubwa sana jamani, maana kutafsiri nako ni kubadilisha, kwa hiyo kitu chenye ND unaweza kukigawa kama kilivyo lakini huwezi kukiweka kwa Kiswahili ukakisambaza, ndo maana wengi hawakihesabu kabisa kama OER.

Haya, na kumfundisha mwalimu hakimiliki? Kuna kozi ya Creative Commons iliyoanza 2018, ina toleo la walimu, cheti kinalipiwa ila maudhui yake yako CC BY, yaani unayachukua bure, unayakata, unayatafsiri, unatoa mifano ya kule unaweka ya kwenu. Mimi naamini hii ndo njia inayofaa kuliko semina ya kusomewa vifungu vya sheria, kwa sababu nyenzo yenyewe ndo zoezi. Mpe mwalimu hadithi moja ya African Storybook, ile tovuti ya hadithi huria za watoto, mwambie aitafsiri au airahisishie darasa la pili, halafu chini aandike jina la kazi, mtunzi, ilikotoka na leseni. Akimaliza hapo ameelewa. Ukitaka kumpandisha kidogo mpe kazi mbili, moja BY-SA na nyingine BY-NC-SA, azibadilishe na kuzichanganya kuwa kazi moja mpya, atakwama, kwa sababu kila moja inadai kazi hiyo mpya itoke kwa leseni yake, na akijua kwa nini amekwama basi amewazidi wengi.

Angalizo moja, picha ndani ya kitabu huria inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa na haimo kwenye leseni, soma maandishi madogo chini yake.

Ukitaka notsi zako ziwe OER huhitaji wakili wala ada, andika tu mwishoni jina lako na "kazi hii imetolewa kwa leseni ya CC BY 4.0" na linki ya leseni. Ila ukishaitoa hivyo huwezi kumnyang'anya ruhusa aliyekwisha kuichukua, kwa hiyo kama uliziandika kama sehemu ya kazi yako ya shule, ongea na mkuu wako kabla ya kuandika huo mstari.