Kufuli si cheti

Alhamisi iliyopita, kabla hata sijafungua daftari, mwanaume mmoja aliketi mbele yangu, akatoa simu na kuisukuma mezani. Picha ya mlango wa mabati, rangi ya kijani, na kwenye komeo kufuli mbili: yake, na ya landilodi juu yake. Hakusema kitu. Alinyamaza kama mtu aliyekwisha toa kitambulisho na sasa anangoja kupigiwa muhuri.

"Miezi mingapi, ndugu yangu?"

"Mitano. Nilikuwa nangoja ishindikane kabisa ndiyo nije. Sikutaka kuwasumbua na kitu kidogo."

Hiyo sentensi naijua kama Salamu Maria. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye dawati la misaada la parokia, upande huu wa Nakuru ambako wengi wanaotujia hutoka mitaa ya Kaptembwa na Rhonda, na sijui nani aliwafundisha watu kwamba msaada wa kodi ya nyumba ni wa aliyefungiwa mlango tu. (Kwa kweli nashuku ni nani. Nitafika huko.) Mtu anaona ukija na deni la mwezi mmoja utaambiwa huna shida ya kweli, urudi ukishaumia. Basi anangoja. Anauza redio, anauza mtungi wa gesi, anakopa kwa simu ili alipe mkopo mwingine wa simu, na siku kufuli inapogongwa ndipo anajiona amestahili.

Tupige hesabu. Chumba cha shilingi 2,800 kwa mwezi. Ukija mwezi wa kwanza, shida yako ni 2,800, na huenda wewe mwenyewe una 1,000 mfukoni. Ukija mwezi wa tano ni 14,000, dipoziti imeshaliwa, na mfukoni huna kitu. Mfuko wetu unatoka kwenye sadaka ya Jumapili moja ya mwezi, bahasha za jumuiya, na wasamaria wawili watatu wasiotaka majina yao yatajwe. Kuna mwezi mfuko wote haufiki 14,000. Kwa hiyo nikikulipia wewe peke yako, mama wanne walioko kwenye benchi hapo nje nitawaambia nini? Methali ya ufa na ukuta tunaikariri tangu shule ya msingi, lakini ikifika kwenye kodi tunaiacha darasani.

Tena hesabu ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni simu. Nikimpigia landilodi mwezi wa kwanza, naongea na mtu ambaye bado anakutaka. Wenye ploti wengi wa huku si matajiri. Ni wazee waliojenga vyumba vinane kwa pesa za kustaafu na wanakula hiyo kodi. Nikimwambia, "Mzee, tuna 1,500 leo, yeye ana 1,000, hiyo 300 ataimalizia wiki ijayo," mara nyingi anakubali, na pengine anatoa pole juu yake. Mwezi wa tano naongea na mtu aliyetukanwa, aliyezimiwa simu, aliyedanganywa Jumamosi tatu mfululizo, na ambaye ameshamwonyesha mpangaji mwingine chumba chako kupitia dirishani. Hapo hata nikiwa na pesa zote, anaweza kuzikataa. Nimeshakataliwa pesa taslimu, wapendwa.

Watu huudhika tukisema lazima tumpigie mwenye nyumba, na lazima tumtumie yeye M-Pesa, si wewe. Wanafikiri tunawashuku. Wengine ndiyo, tunawashuku, sitadanganya. Lakini mara nyingi hiyo simu ndiyo msaada wenyewe. Wapo watu ambao hatukuwapa hata shilingi. Tulipiga simu tu, landilodi akasikia "naongea kutoka parokiani", sauti ikashuka, wakaongezewa wiki mbili.

Kuhusu kufuli yenyewe, kwa ufupi kwa sababu mimi si wakili: landilodi haruhusiwi kukufungia nje, kung'oa mlango wala kuezua mabati ili kukulazimisha uhame. Kuna sheria ya kodi za nyumba na kuna baraza lake la kusikiliza mashauri. Ila sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zama za kale ambacho chumba kimoja cha kawaida siku hizi kinakiruka. Juu ya hapo ni mahakamani, na mtu anayedaiwa kodi ana nauli gani ya kwenda mahakamani.

Sasa unga. Hapa ndipo hasira yangu hupanda zaidi, kwa hiyo nivumilieni. Mtu anakuja, namwambia kodi mwezi huu imeisha, nina chakula: unga, maharagwe, mafuta, sukari, sabuni ya kipande. Anakunja uso. "Sikuja kuomba unga. Shida yangu ni nyumba." Kana kwamba pesa ya unga na pesa ya nyumba hutoka mifuko miwili tofauti! Wewe ni mtu wa mjengo, kibarua wa ujenzi. Siku ya kazi unapata mia sita, mia saba. Nyumba yako ya watu watano inakula kama mia tatu kwa siku, na hapo sijataja nyama. Chakula cha wiki mbili ni 4,200. Kodi yako ni 2,800. Nikikulisha wiki mbili na wewe ukapata kazi siku nne au tano tu, kodi umeilipa mwenyewe, kwa jina lako, bila mtu kumpigia mtu simu. Huu mfuko wa unga ni kodi iliyofungwa kwa plastiki. Lakini mtu atauacha hapo, aondoke akisema kanisa lilimnyima, kisha arudi baada ya miezi miwili na picha ya kufuli.

Mengine nayapitia haraka. Si lazima uwe Mkatoliki. Barua ya jumuiya, ya mzee wa mtaa au ya Nyumba Kumi, yoyote inatosha. Tunataka tu mtu mmoja anayejua mlango wako. Mzee anayepokea Inua Jamii, zile 2,000 za mwezi kutoka serikalini, hafutwi huko kwa sababu alipewa maharagwe huku. Hatuna hata njia ya kuiona orodha yao. Na wewe Mwislamu unayekuja kwetu, karibu, lakini usiipite misikiti ukidhani zaka ni ya fukara na maskini pekee. Soma Sura ya Tisa, aya ya 60: makundi manane, na wenye madeni wametajwa kama kundi lao peke yao. Hawakuambiwa wangoje hadi wawe mafukara kwanza. Ingekuwa ni uamuzi wangu, aya hiyo ningeibandika mlangoni petu.

Kuna suala la kutembelewa nyumbani. Tunakwenda wawili wawili, desturi ya Wavinsenti, Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, tangu Frédéric Ozanam na wenzake walipoanza kutembelea maskini jijini Paris mwaka 1833, na siku zote nimeihubiri kama jambo zuri. Siku hizi sina uhakika sana. Ploti ina vyumba kumi na mbili vinavyotazamana, choo kimoja, na kamba ya nguo katikati. Watu wawili wenye daftari wakiingia, kabla ya chai kila mtu anajua. Isitoshe macho yetu hayaaminiki. Mwaka fulani niliandika "wana televisheni kubwa, hawana dhiki" na tukawaruka. Baadaye nikaambiwa televisheni ilikuwa ya jirani aliyekwenda kwao mazishini, akaiacha hapo isiibwe. Ile karatasi ninayo bado.

Shaka nyingine ni hii: kuna miezi najiuliza kama hatufanyi kazi ya kumlipa landilodi tu. Yule yule, ploti ile ile, wapangaji wanabadilika. Sijapata jibu linaloniridhisha.

Na ile niliyoahidi. Ni nani aliyewafundisha watu kungoja kufuli? Nadhani ni sisi. Jumapili ya mchango nikisimama mbele ya waumini, sisemi habari za mama anayeuza sukuma wiki pale stendi ya matatu, aliyekuja Februari na deni la mwezi mmoja, akasema kwa aibu, "Najua kuna wenye shida kuliko mimi," tukampa 1,500, akajazia, akaendelea na biashara yake. Hadithi hiyo haijazi kikapu. Nasema habari za familia iliyolala jikoni kwa jirani, watoto wakiwa na sare zile zile siku nne. Kikapu kinajaa. Na kwenye mabenchi ya nyuma ameketi mtu wa deni la mwezi mmoja, anasikiliza, anajipima na hao watoto, anaona zamu yake bado. Mwezi ujao nitamtaja mama wa sukuma. Mweka hazina ameshaniangalia vibaya.

Yule mwenye picha? Nilipiga simu. Landilodi alikuwa mtulivu kuliko nilivyotazamia, ila chumba kilikuwa kimeshapata mtu wa Jumatatu. Tulichokubaliana ni 2,000 kutoka kwetu, deni lililobaki liandikwe, na vitu vitolewe. Saa nane mchana tulikuwa mlangoni. Landilodi alifungua kufuli yake, mpangaji naye akafungua ya kwake, na ikawa godoro, jiko la makaa, sufuria tatu, begi la shule. Bodaboda alitaka 400 kufika Njoro kwa ndugu yake. Nilitoa mfukoni mwangu, na kwenye daftari sijui niiandike wapi.