Erasmus si ya wanafunzi wa chuo kikuu peke yao

Ukitaja Erasmus, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, wengi humwona kijana wa chuo kikuu na begi lake mgongoni, anaenda kusoma muhula mmoja Bologna, Italia. Ndivyo ilivyoanza mwaka 1987, na picha hiyo imeganda vichwani. Lakini Erasmus+, kama mpango huo unavyoitwa sasa, ya 2021 hadi 2027, yenye takriban euro bilioni 26, hugharamia pia ushirikiano wa vyuo vya ufundi, vyuo vikuu na kampuni.

Chukua fungu la miungano ya elimu na biashara. Humo chuo kikuu hakiombi fedha peke yake, hata kiwe na jina kubwa namna gani. Wanatakiwa washirika wasiopungua 8 kutoka angalau nchi 4, wakiwemo watoa elimu 3 na wadau 3 wa soko la ajira, kama vile kampuni. Chuo cha ufundi lazima kiwemo; si mgeni mwalikwa.

Wala si hela ya bure, kama wengine wanavyodhani: Umoja wa Ulaya hutoa hadi asilimia 80 ya gharama, zilizobaki washirika wanajichanga. Matunda yake huweza kuwa mtaala mpya wa mafundi wa sola, ambao mwenye kiwanda ameuchambua mstari kwa mstari pamoja na walimu.