Kitufe cha A kilipokufa

Mwezi uliopita mama mmoja mpiga chapa aliniletea laptopu yake hapa dukani Nakuru, kaifunga kwenye leso. Huwaandikia watu hati za kiapo na barua za kupeleka mahakamani. "Fundi, A imekataa kabisa," akaniambia, "na mimi bila A sina kazi." Alisema kweli. Andika maneno matatu tu, Mahakama ya Nakuru, na tayari umeshabonyeza A mara sita.

Chai ilikuwa imemwagika zamani na kukauka, vitufe vingine vyote vizima. Kibodi ya modeli ile ingebidi iagizwe, naye alikuwa na hati za kukabidhi Jumatatu. Tukaamua kuihamisha A. (Chai ikiwa bado mbichi, sahau haya yote kwanza: zima mashine, chomoa chaja, ilete kwa fundi ifunguliwe.)

Kitufe hakijui kimechorwa herufi gani. Ukikibonyeza, kibodi hutuma namba inayoonyesha ni kitufe cha mahali gani: A ni 1E, Caps Lock ni 3A (namba za kompyuta huchanganya tarakimu na herufi). Windows huipokea namba hiyo na kuitafsiri kwa kufuata mpangilio uliowekwa. Ndiyo maana laptopu za mitumba kutoka Uingereza, hizi tunazoziita ex-UK, huwasumbua watu sana. Kitufe cha 2 kimechorwa alama za kunukuu, unabonyeza pamoja na Shift, inatoka @. Hakuna kilichoharibika hapo. Windows imewekewa mpangilio wa Marekani juu ya kibodi ya Kiingereza cha Uingereza. Badilisha mpangilio, basi.

Namba ile hupita vituo kadhaa kabla herufi haijatokea kwenye skrini, na unaweza kuigeuza katika kituo chochote. Swali ninalomwuliza kila mteja ni moja: unataka mabadiliko yakae kituo gani?

Njia rahisi zaidi ni PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, yenye sehemu iitwayo Keyboard Manager. Unachagua kitufe cha zamani na kitufe kipya, unahifadhi, kazi imekwisha. Kwa watu wengi hiyo inatosha. Lakini hufanya kazi ukishaingia, na mradi programu yenyewe inaendelea kukimbia. Nywila ya mama ilikuwa na A mbili. Angefikaje ndani?

Kwa hiyo nilishuka chini zaidi, kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, mahali panapoitwa Scancode Map. Programu ndogo ya SharpKeys hukuandikia maelezo hayo bila kukosea hesabu ya baiti, ila lazima uwe na haki za msimamizi, kisha uwashe mashine upya. Kwa mama niliweka mistari miwili:

1E 00 3A 00
3A 00 1D E0

Isome hivi: kwanza kitufe unachokitaka, halafu kile kidole kitakachobonyeza. Mstari wa kwanza unaifanya Caps Lock itoe A. Wa pili unaipeleka Caps Lock kwenye Ctrl ya kulia, ambayo namba yake ni 1D E0, maana vichwa vya hati zake huandikwa kwa herufi kubwa. Nilichagua Caps Lock kwa sababu imepakana na A, na kidole kidogo cha kushoto kinasogea hatua moja tu. Kwangu mimi kitufe kile kimekalia kiwanja kizuri kupita umuhimu wake; kwenye kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981, mahali hapo palikuwa pa Ctrl.

Mabadiliko ya rejista yanafika hadi skrini ya kuingilia, lakini yana masharti yake. Yanamgusa kila mtumiaji wa mashine hiyo, na ukichomeka kibodi ya USB nayo inageuka vilevile. Nywila ya BIOS, ile inayoulizwa mwanzo kabisa mashine ikiwashwa, hayaigusi, kwa kuwa Windows bado haijaamka. Na Fn kwa kawaida haiwezi kuhamishwa, maana hushughulikiwa ndani ya kibodi yenyewe.

Wanaoandika Gĩkũyũ huniuliza mara kwa mara kuhusu ĩ na ũ. Hapo rejista haisaidii, kwa sababu hakuna kitufe chenye herufi hizo cha kuhamishia. Mimi hutumia AutoHotkey, programu ya kuamuru vitufe kwa kuandika mistari kwenye faili: mstari mmoja, >!u::ũ, na Alt ya kulia pamoja na u inatoa ũ. Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaozijua hizo, la sivyo utaona takataka. Kwenye mpangilio wa Uingereza mstari huo hautaitika, kwa kuwa Alt ya kulia huko hutuma Ctrl na Alt kwa pamoja, andika <^>!u::ũ.

Kalamu za kuchorea ni hadithi ileile. Kijana mmoja mchoraji wa fulana alilalamika kwamba kila akishika kalamu yake ya Wacom, menyu inaruka kabla ncha haijagusa tableti. Kidole gumba chake kilikuwa kinalalia kitufe cha pembeni, na kitufe hicho kilikuwa kimewekwa kubofya kulia hata kalamu ikiwa inaelea hewani. Kwenye draiva, programu inayoiunganisha kalamu na kompyuta, kuna chaguo la kudai ncha iguse kwanza, tukalichagua, akatulia. Kitufe cha pili tukakipa Ctrl, kwa programu yake ya kuchorea, Krita, peke yake, kwa sababu ndani ya Krita ukishikilia Ctrl na kugusa mchoro unachota rangi iliyopo pale. Mkono wa kushoto ukapumzika. Wiki iliyofuata akapeleka kalamu kwenye kompyuta ya rafiki yake na vitufe vikamsahau. Kalamu haina kumbukumbu ya mambo hayo. Inasema tu kitufe kimebonyezwa, na draiva ya kompyuta ndiyo inayoamua maana yake. Nilimwonyesha jinsi ya kunakili mipangilio yake kwenye faili akaihifadhi kwenye flashi.

Mama alimaliza hati zake Jumapili usiku. Chini ya laptopu nilibandika kikaratasi: "A = Caps Lock. Caps Lock = Ctrl ya kulia. Kibodi mpya ikifika, futa Scancode Map kisha washa upya." Fundi atakayeifungua baadaye huenda asiwe mimi.