Dalali mgeni Mtwara, anza na vyumba kabla ya viwanja

Vijana wanaonitafuta wakitaka kuingia kwenye kazi hii ya nyumba na viwanja huniuliza swali lile lile: kaka, ninunue kiwanja upande gani? Nawajibu wasinunue kwanza. Wapangishe vyumba vya watu angalau msimu mzima, waujue mji kwa miguu, ndipo watoe hela yao.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale tuliyoyaona hapa hapa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, lakini bei za ardhi zilipaa miaka mingi baadaye, zilipovuma habari za bomba la kwenda Dar es Salaam na kiwanda cha saruji cha Dangote. Watu wakagombania hadi mapori. Bomba likakamilika 2015, gesi ikawa inasafishwa Madimba na kupelekwa Dar, na mafundi waliokuwa wamejaza nyumba za kupanga wakaenda zao. Aliyenunua akitegemea bei ipande tena alibaki anafyeka nyasi kila mwaka. Lindi nako, mradi wa gesi wa Likong'o ukitajwa tu redioni, wenye viwanja wanapandisha bei kabla ya tofali la kwanza. Mimi ninaiamini Kusini, na bandari yetu ninaiamini. Ila habari ya mradi haikulipi kodi mwisho wa mwezi. Anayekulipa ni mtu anayelala kwenye hicho chumba leo.

Ndiyo maana nasisitiza vyumba. Anayetafuta Shangani mara nyingi anataka nyumba nzima yenye uzio na sehemu ya gari. Magomeni, Majengo na Chikongola utaulizwa zaidi chumba kimoja, au chumba na sebule. Mitengo, tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ianze kazi, wanakuja watumishi wanaotaka masta, yaani chumba chenye choo chake ndani, ya kutembea kwa miguu hadi kazini. Sikiliza maswali yao. Maji yanatoka kila siku au kwa zamu? Mita ya umeme ya LUKU ni ya peke yangu au tunachangia? Choo ndani au uani? Masika bajaji inafika mlangoni? Ukishawazungusha watu wa kutosha utajua mwenyewe ni nyumba ipi haikai tupu hata wiki, na ni ipi inabadilisha wapangaji kila baada ya miezi sita. Elimu hiyo hata ofisi ya ardhi hawana, na unaipata huku ukilipwa, maana mazoea ya mjini ni dalali kupewa kodi ya mwezi mmoja. Patana na mteja juu ya malipo hayo kabla hamjatoka kwenda kuangalia.

Sasa kuhusu cha juu. Mwenye kiwanja anasema milioni nane, dalali anamwambia mteja kumi, mbili anatia mfukoni kimya kimya. Hili linanikera kuliko yote kwenye kazi yetu. Mtwara ni mji wa kujuana; mnunuzi atakutana na muuzaji msibani au kwa fundi, bei itatajwa, na jina lako litaharibika kwa familia mbili kwa mpigo. Chukua udalali ulio wazi, uandikwe. Na siku utakapotaka kununua wewe mwenyewe kitu ulichopewa ukiuze, mwambie mwenye mali waziwazi, kisha mwache akatafute bei nyingine kwanza. Dalali akiwa pia mnunuzi, kishawishi cha kumshusha muuzaji bei ni kikubwa mno.

Upande wa karatasi, kiwanja kilichopimwa hakisumbui sana. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ardhi yenyewe ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Dai risiti za kodi ya ardhi. Halafu nenda na mpima, tafuta bikoni, yaani alama ya mpaka, kwenye kila kona, futa udongo usome namba na uilinganishe na ramani. Bikoni ya zege ikiwa imelala ubavu, au udongo unaoizunguka ni mbichi, msilipane siku hiyo. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo, kwa hiyo muulize mwenza ana kwa ana. Usikubali kuambiwa yuko safarini.

Mashamba ya pembeni ya mji ndiyo yanayohitaji moyo wa subira. Ukielekea Mangamba au Naliendele, ardhi nyingi inayokatwa viwanja ilikuwa mikorosho. Kuna mikorosho iliyowekwa rehani kwa mtu mwingine, yeye anavuna huku shamba ni la mwenzake. Na kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, mzee aliyekaa shambani miaka yote anaweza kuwa mtunzaji tu, wenye sauti ni mjomba na dada zake. Kuna mzee mmoja alikuwa tayari kusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee wangu, hii mikorosho nani aliipanda?" Akasema, "Marahaba mwanangu, mama yetu." Nikamuomba tuwaite dada zake. Walikuja watatu, na mmoja alikuwa hajui kabisa kwamba shamba linauzwa. Tulikaa mkekani mpaka alasiri. Mwishowe waliuza nusu, nusu wakaacha, na wote wakatia dole gumba. Mnunuzi alinung'unika kwa kucheleweshwa, lakini leo amejenga na hajasumbuliwa na mtu. Kama eneo bado ni ardhi ya kijiji, muhuri wa mjumbe hautoshi. Jambo lipite halmashauri ya kijiji.

Ukifika wakati wa kuwekeza, piga hesabu ya kodi kabla ya hesabu ya bei. Tuseme umenunua pagale, yaani nyumba isiyokwisha kujengwa, ukalimalizia kwa jumla ya milioni 24, ukapata vyumba vitatu vya shilingi 60,000. Kwa mwaka ni 2,160,000. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa tupu, inabaki 1,980,000. Toa kodi ya serikali ya pango, asilimia 10, unabaki na 1,782,000. Weka kando kama laki mbili na themanini za marekebisho, maana karibu na bahari bati na nondo huliwa na chumvi upesi. Una milioni moja na nusu, yaani miaka 16 kurudisha hela. Ukiridhika na hiyo, nunua. Usiporidhika, bishania bei ya pagale ishuke, usipandishe kodi ya kufikirika kwenye karatasi.

Viwanja vya ufukweni vina mvuto wake, lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka baharini. Pima kwa futi kamba kabla hujaahidi mtu hoteli. Na mgeni asiye raia hamilikishwi ardhi kama sisi. Yeye hupitia utaratibu wa uwekezaji, kwa hiyo usimfiche nyuma ya jina lako.

Jambo la mwisho ni majira. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakishaingia wakulima wanakuja mjini kununua viwanja na bati. Ukiwa na kiwanja chenye karatasi safi, kitangaze wakati huo. Kuanzia Februari hela inakauka, na wanaokuja kwako ni wauzaji: ada ya shule, mgonjwa, deni. Hapo muuzaji yuko tayari kupokea bei yoyote. Muulize shida ni kiasi gani. Mara nyingi, badala ya kuuza, kupangisha chumba kimoja cha nyumbani kwake na kuchukua kodi ya miezi sita kunaitosha, na wewe ndiye unayemjua mpangaji.