Saa nyingi za uchungu ni za nyumbani, na hapo ndipo kazi ya mume ilipo

“Sista, siku hiyo mimi nafanya nini?”

Aliniuliza hivyo mume mmoja, mkewe akiwa na mimba ya kwanza, wiki ya 34. Alikuwa amembebea mkoba. Nikamwambia auweke chini, nikamwonyesha mfupa bapa wa nyuma, chini ya kiuno. Mkewe akaegemea meza, akawa anayumbisha nyonga taratibu. Mume akaweka kiganja kwa woga, kama anayepima pasi imepata moto au bado. “Ongeza,” mke akasema. “Ongeza tena. Hapo hapo.”

Wengi huumia sana sehemu hiyo mtoto anaposhuka, hasa kisogo chake kikielekea mgongo wa mama, na kubonyezwa kwa nguvu huleta nafuu. Lakini nguvu anayoitaka mkeo huwezi kuibuni. Mnaitafuta pamoja, jioni nyingi kabla ya siku yenyewe.

Katika mwongozo wake wa 2018, Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu kuwa umekolea pale shingo ya kizazi inapofunguka sentimita 5. Saa za kabla ya hapo hazina kipimo kimoja, na kwa mimba ya kwanza zinaweza kuwa nyingi. Mama mwenye afya, asiye na tatizo lililoonekana kliniki, akiwahi sana leba hujikuta kalala ugenini, anasikiliza vilio vya wenzake. Woga humwaga adrenalini, nayo huipunguzia nguvu oksitosini, homoni inayokaza kizazi, na uchungu unaweza kudorora. Nyumbani anatembea, anaoga maji ya uvuguvugu, anakunywa uji, anasinzia kati ya mkazo na mkazo. Wa kupika uji huo, kupunguza mwanga na kuwaomba mashangazi wasipige simu kila dakika ni wewe baba.

Pumzi nazo hufanyiwa mazoezi kila usiku: kuvuta kwa pua kwa hesabu ya 4, kutoa kwa mdomo kwa hesabu ya 6 au 8, taya na mabega yakiwa yamelegea. Usimwamuru “pumua!” Pumua wewe, polepole, karibu na sikio lake, naye atakufuata. Nimeliona hili mara nyingi na bado hunigusa.

Kuanzia wiki ya 35 hivi, kukanda msamba (sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa) mara moja au mbili kwa wiki, kwa mikono safi na mafuta yasiyo na manukato, hupunguza uwezekano wa msamba kuumia hadi kuhitaji kushonwa kwa anayezaa mara ya kwanza. Muulizeni mkunga wenu awaelekeze.

Sasa suala la mlangoni. Wodi nyingi za wazazi kwetu Tanzania zina vitanda vilivyotengwa kwa pazia tu, na baadhi haziruhusu wanaume. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliwarudisha waume wengi bila hata kuwaeleza sababu, na ninajuta. Mwongozo ule ule unataka mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Ulizeni mapema. Kama mume haruhusiwi, mchagueni mama au dada, naye afundishwe kiganja na pumzi zile zile.

Ondokeni nyumbani mikazo ikifika kila dakika 5, ukihesabu tangu mmoja unapoanza hadi unaofuata unapoanza, kila mmoja ukidumu kama dakika nzima, na hali hiyo ikaendelea saa 1. Mkikaa mbali, ondokeni mapema zaidi. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi asisubiri kabisa. Na chupa ikipasuka, damu ikitiririka, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, degedege ikitokea au mtoto akipunguza kucheza, acheni uji jikoni mwende. Kwa hiyo namba za madereva wawili ziwe kwenye simu zenu nyote tangu mwezi wa nane wa mimba.

Mitishamba ya kuongeza uchungu naikataa kabisa. Inaweza kukaza kizazi kisiachie, mtoto akakosa hewa, kizazi kikapasuka. Na zungumzeni mapema kuhusu upasuaji, mkubaliane kwamba ukihitajika hakuna aliyeshindwa kitu. Nimewaona wanawake wakilia kwa aibu ambayo mume angeiondoa kwa sentensi moja.

Wale wawili walifika saa tisa usiku, sentimita 6. Usiku ule palikuwa na nafasi, mume akaruhusiwa. Mke alijifungua akiwa amepiga magoti, mume nyuma yake, kiganja pale pale. Tukamweka mtoto kifuani kwa mama, tukasubiri dakika chache kabla ya kubana kitovu. Nikamwambia baba akae apumzike. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Akamwinamia mkewe, akamuuliza kama aendelee kubonyeza.