Kiingereza cha kesho: kwanza jiulize umeamua lini

Mgeni amesimama mbele ya Caravan Serai, mjini Bagamoyo. Anamwambia mwongoza watalii kwamba hajui njia ya kwenda kwenye magofu ya Kaole. Anajibiwa: "I'll take you there." Jibu hilo ni sahihi, kwa sababu uamuzi umepitishwa palepale. Angeambiwa "I'm going to take you there", angeelewa kwamba safari ilishaamuliwa kabla hajafungua mdomo, na pengine angejiuliza nani kaiagiza.

Wengi tunaowafundisha kituoni kwetu wamekaririshwa kwamba -ta- ni "will", basi kila jambo la kesho hulitilia "will". Kumbe Kiingereza huangalia pia uamuzi ulifanywa lini. Ukiamua sasa hivi, ukiahidi au ukijitolea, sema "will". Kama nia unayo tangu zamani, sema "going to": "I'm going to learn German next year." Umbo hilohilo hufaa kwa jambo ambalo dalili zake zinaonekana: wingu zito likitanda baharini, "It's going to rain."

Miadi iliyokwishapangwa na mtu husemwa hivi: "I'm meeting them at nine." Hilo lisitutishe. Hata sisi husema "kesho naenda Dar" bila -ta- yoyote, na msikilizaji anajua safari imeiva. Ratiba ya chombo nayo ni "The boat leaves at seven." (Hiyo ni saa moja yetu. Usipofafanua, mgeni ataachwa na boti.)

Kosa sugu zaidi, kwa maoni yangu, ni "When you will arrive, call me." Chanzo chake ni "utakapofika", neno lenye -ta- tumboni. Baada ya "when", "if", "before" na "until", sehemu inayotaja wakati au sharti haichukui "will": "When you arrive, I'll call the driver." Dawa yake tunayo kwenye Kiswahili: kabla ya kusema, geuza "utakapofika" iwe "ukifika". Humo hamna -ta-, na kwa Kiingereza usiweke "will".

Ila usikimbilie kuifuta kila mahali. "I don't know when he'll arrive" ni sahihi kabisa, kwa kuwa "when" hapo inauliza: sijui atafika lini.