Fedha za Mafunzo ya KKK Zimfuate Mwalimu Hadi Darasani

Tangu mwaka 2014 Tanzania imetumia fedha nyingi kuwajengea uwezo walimu wa darasa la kwanza na la pili katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mpango wa LANES ulipata takribani dola milioni 95 kutoka Ubia wa Kimataifa wa Elimu, chini ya usimamizi wa Sida, shirika la maendeleo la Sweden. EQUIP-T, uliogharamiwa na Uingereza, ulifanya kazi katika mikoa 9. Sasa upo BOOST, mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia, ambao fedha zake hutoka kadiri matokeo yaliyokubaliwa yanavyothibitishwa. Mkopo hulipwa na walipakodi. Kwa hiyo mzazi, mjumbe wa kamati ya shule na diwani wana haki ya kuuliza shilingi ya mafunzo inaishia wapi.

Mara nyingi inaishia ukumbini. Tufanye hesabu ya mfano tu, isiyo ya halmashauri yoyote. Walimu 60 wanaitwa semina ya siku 5, na kila mmoja analipwa posho ya shilingi 50,000 kwa siku. Hapo tayari ni shilingi milioni 15, kabla ya nauli, ukumbi, chakula na wawezeshaji. Sasa chukua kazi ya afisa elimu kata kumtembelea kila mwalimu kati ya hao mara moja kwa mwezi, kwa miezi 10, akiwa anafundisha. Ni ziara 600. Mafuta ya pikipiki yakigharimu shilingi 10,000 kwa ziara, jumla ni milioni 6, nayo hupungua kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza na wa la pili huwa shule moja na huonwa siku moja. Lakini bajeti inapobanwa, mafuta ndiyo hukatwa kwanza, na semina hubaki.

Kukata huko ni kosa, na ushahidi upo. Mwaka 2015 Afrika Kusini ilianza jaribio katika mkoa wa North West, kwa shule zinazofundisha kusoma kwa Kitswana. Kundi moja la walimu lilipata mafunzo ya ukumbini. Kundi jingine lilipewa vifaa vilevile, ila mafunzo yao yalitolewa na mwezeshaji aliyewafuata darasani. Watoto wa kundi la pili walipanda kusoma kwa takribani mara mbili ya wale wa kundi la kwanza. Gharama ya kila mwanafunzi ilikuwa kubwa zaidi, lakini kila randi iliyotumika ilizaa zaidi. Baadaye, katika mkoa wa Mpumalanga, walijaribu kumsaidia mwalimu kwa simu na kishikwambi badala ya kumtembelea. Mwaka wa kwanza matokeo yalikaribiana. Kufikia mwaka wa tatu wale waliotembelewa walikuwa mbele.

Kenya ina somo lake. PRIMR, jaribio la kufundisha kusoma na hesabu katika madarasa ya mwanzo, lilionyesha kwamba mafunzo na ufuatiliaji huleta thamani kubwa zaidi ya fedha yanapoambatana na kitabu kwa kila mtoto na kiongozi cha mwalimu kinachoeleza somo la kila siku. Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, ulipoanza nchi nzima mwaka 2015, maafisa wa mtaala walipewa vishikwambi, na nauli zao zikafungamanishwa na ziara ambazo kishikwambi kilithibitisha kuwa zimefanyika darasani. Utaratibu huo unastahili kuigwa bila aibu: fedha hutoka mtu akifika kweli.

Afisa elimu kata akishafika darasani, afanye nini? Hapa ndipo mafunzo mengi hulegea. Kumsaidia mtoto anayeshindwa kusoma huanza na kujua amekwama wapi, na hilo halijulikani kwa kuitikisha darasa zima. Watoto 80 wakiimba "ba, be, bi, bo, bu", wasiojua hujificha ndani ya sauti za wanaojua. Wengine wamekariri ukurasa mzima, picha kwa picha. Dawa ni kumwita mtoto mmoja mmoja na kumwonyesha silabi zilizochanganywa: "bi, ma, lo, ke, tu". Kisha asome maneno yasiyo na maana kama "buleka" na "timofa", ambayo hawezi kuwa ameyakariri. Mwisho asome kifungu kifupi kwa dakika moja, ajibu maswali mawili au matatu.

Majibu huelekeza tiba. Asiyejua sauti za herufi hasaidiwi na hadithi. Arudishwe kwenye irabu na konsonanti chache. Anayesoma silabi za kawaida lakini akakwama kwenye "mbw", "ng'", "ny" au "ndw" apewe mazoezi ya miambatano hiyo. Anayesoma kila silabi vizuri lakini akachoka kabla ya kumaliza "hawakutuambia" anahitaji kusoma zaidi kila siku, maana neno letu moja hubeba sentensi nzima. Na yule anayesoma haraka bila kuelewa, hasa ambaye nyumbani hawaongei Kiswahili, anahitaji msamiati na mazungumzo kwanza. Mafunzo yasiyomfundisha mwalimu kutofautisha watoto hawa wanne hayajamsaidia.

Muda upo. Kumpima mtoto mmoja huchukua dakika 5. Darasa la watoto 90 ni dakika 450, yaani saa saba na nusu. Mwalimu akipima 8 kwa siku wenzao wakiandika, humaliza ndani ya siku 12 za shule. Kipimo kirudiwe kila muhula, na majina yaandikwe kwenye daftari, si kichwani.

Kiwango kilichowekwa kwa darasa la pili ni maneno 50 sahihi kwa dakika. Upimaji wa mwaka 2013 ulikuta wastani wa maneno 18 hivi. Pengo hilo ndilo lililozaa mtaala wa KKK wa mwaka 2015.

Uvujaji mwingine hauonekani kwenye vitabu vya hesabu. Mwalimu aliyefundishwa KKK anahamishiwa darasa la sita kwa sababu shule inaogopa matokeo ya la saba, na la kwanza anapewa asiyepata mafunzo. Fedha zilizotumika kwake zimepotea kwa watoto wadogo. Mwalimu mkuu angeweza kumwacha hapo walau miaka mitatu, na uamuzi huo haugharimu hata senti.

Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati yake hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Zile 6,000 zinazofika shuleni zimekusudiwa vifaa, ukarabati, mitihani, michezo na utawala. Mafunzo ya walimu hayana fungu lake humo. Ndiyo maana mfumo wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unategemea Jumuiya za Ujifunzaji: walimu wa shule moja hukutana, huchagua tatizo moja, hujaribu mbinu darasani, kisha hurudi kuzungumza kilichotokea. Gharama yake ni ndogo sana, ila hufa mwalimu mkuu asipoitengea muda kwenye ratiba.

Bajeti ya halmashauri inapojadiliwa, diwani aulize mambo matatu: fungu la mafunzo ya KKK limegawanywaje kati ya semina na ufuatiliaji; kila afisa elimu kata ametengewa lita ngapi za mafuta kwa mwezi na zimefika ngapi; na walimu waliofundishwa mwaka jana wangapi bado wako darasa la kwanza na la pili. Kwa mzazi swali ni moja. Aombe kuonyeshwa daftari la upimaji na kundi aliloko mtoto wake.